Ukifika kituo cha mwisho usiposhuka, je, unadaiwa nauli nyingine?

Mgeni wa Reli (mleta mada)

Ndugu zangu, salaam. Nipo Marekani kwa miezi mitatu, nimefikia kwa dada yangu katika mji wenye treni za mjini, mji ambao sitautaja. Juzi jioni niligusisha kadi getini, nikapanda treni, nikapitiwa na usingizi, na nilipozinduka tulikuwa tumefika kituo cha mwisho. Kwa kuwa treni ile ile ndiyo iliyokuwa ikijiandaa kurudi nilikotoka, nilibaki kwenye kiti changu. Mhudumu alikuja akanieleza, kwa upole lakini bila kuyumba, kwamba natakiwa kushuka, nitoke nje ya geti, na nikitaka kurudi nilipe upya.

Nililipa na nikarudi, kwa hiyo sitafuti huruma wala sidai kurudishiwa fedha. Kinachonisumbua ni mantiki yake. Katika mji huu anayeshuka baada ya kituo kimoja na anayekwenda hadi mwisho wa reli hulipa nauli ile ile, maana yake sikulipia umbali. Kadi yangu haikuandikwa saa ya kwisha kwa safari, maana yake, kwa ufahamu wangu, sikulipia muda. Sasa pale getini nilinunua nini hasa? Na kama treni inarudi huko huko na viti vimejaa hewa, shirika la reli linapoteza nini mimi nikibaki nimekaa?

Mkazi wa Kaskazini, Chicago

Mleta mada, mji wako siujui, ila nitakueleza wa kwangu kwa sababu kanuni unayoisema ipo hapa na inajulikana. Kanuni za shirika la usafiri la Chicago zinakataza kile wanachokiita kupanda mfululizo: nauli moja inakupeleka upande mmoja hadi mwisho wa njia, na treni ikifika huko unatakiwa kuteremka. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba ulinunua safari, na safari ina mwanzo na mwisho hata kama hakuna aliyeipima kwa kilomita. Kulipa sawa kwa umbali tofauti ni njia ya kurahisisha hesabu. Hakuibadilishi tiketi kuwa ruhusa ya kukaa ndani ya behewa kwa kadiri upendavyo.

Hata hivyo nisikufiche. Ukiishi hapa majira mawili ya baridi utagundua kwamba kanuni hii haikutungwa kwa ajili ya watu kama wewe waliopitiwa na usingizi. Njia mbili za treni zetu hazilali: ile ya bluu, inayotoka uwanja wa ndege wa O'Hare hadi Forest Park, na ile nyekundu, inayotoka Howard kaskazini hadi mtaa wa 95 kusini. Usiku wa Januari, baridi inapokuwa kali kiasi cha kuua, mabehewa ya njia hizo huwa ndiyo chumba cha joto cha bei nafuu kuliko vyote mjini, na watu wasio na makazi hukaa humo wakienda na kurudi mpaka alfajiri. Mhudumu anayewashusha kwenye kituo cha mwisho anajua wazi kwamba wengi wao watavuka jukwaa na kupanda inayofuata. Wakati mwingine anawaacha. Mimi nikitoka kazini zamu ya usiku nimewaona akina mama watu wazima wamelala na mifuko yao, na sijawahi kutamani kanuni hiyo isimamiwe kwa ukali zaidi.

Konda Mstaafu, Dar es Salaam

Mnazungumza kana kwamba jambo hili limegunduliwa ughaibuni. Sisi tuliofanya kazi kwenye daladala tunalifahamu kwa jina lake: kugeuza. Jioni pale Posta au Kariakoo gari likifika limeshajaa, abiria mwenye akili hasubiri kugombania mlango. Anatembea nyuma vituo viwili au vitatu, analipanda gari hilo hilo linapokuja mjini, anakaa dirishani kwa raha zake, kisha linapogeuza anarudi nalo Mbagala au Gongo la Mboto akiwa ameketi. Na sisi tulikuwa tukitangaza mapema, kabla gari halijasimama: wanaogeuza wote nauli mbili!

Palikuwa na mabishano kila siku, na hoja za abiria zilikuwa hizi hizi za mleta mada: gari linarudi, kiti kilikuwa kitupu, umepoteza nini? Jibu langu lilikuwa kwamba kiti kilikuwa kitupu wakati wa kuja, lakini wakati wa kurudi kina watu kumi wanaokililia pale kituoni, na wewe umekishika kwa nauli ya safari iliyokwisha. Aliyekubali kulipa mbili sikuwa na neno naye, hata nilimheshimu, kwa maana alikuwa amenunua kiti kwa bei halali. Kwenye treni ya mleta mada viti vilikuwa vitupu, nakubali. Lakini konda hawezi kuwa na kanuni ya saa kumi na mbili jioni na nyingine ya saa nne usiku. Nauli inayobadilika kwa kutazama sura ya abiria huzaa ugomvi.

Mwanafunzi wa Zamani, Tokyo

Naomba kutofautiana kidogo na wote wawili, kwa sababu nimeishi mahali ambapo jambo hili limeandikwa kwa namna nyingine kabisa, na treni zinaendeshwa vizuri tu.

Japani nauli ya treni za JR, kundi la makampuni makubwa ya reli ya huko, huhesabiwa kwa umbali. Lakini kuna maeneo matano yanayozunguka miji mikubwa, yaani Tokyo, Osaka, Fukuoka, Niigata na Sendai, ambamo reli zimesukana kiasi kwamba kutoka kituo kimoja hadi kingine kuna njia nyingi, na geti haliwezi kujua umepita ipi. Badala ya kumhoji kila abiria, kanuni inasema nauli itakuwa ya njia fupi kuliko zote, hata kama wewe umezunguka. Masharti ni haya: usitoke nje ya geti, usivuke mipaka ya eneo hilo, umalize siku hiyo hiyo, na usipite kituo kimoja mara mbili. Wapenzi wa treni wameligeuza hilo kuwa mchezo unaoitwa safari ya mzunguko mkubwa. Wanakata tiketi ya bei ya chini kabisa, ambayo mwaka 2023 ilikuwa yen 150 kwa tiketi ya karatasi, wanashinda ndani ya treni tangu asubuhi, kisha wanashukia kituo kilicho jirani na kile walichoanzia. Geti likishangaa tiketi iliyokaa saa tisa na kuikataa, unamwendea mhudumu, unamweleza njia uliyopita, naye anakuruhusu.

Angalieni, hata huko kurudi nyuma hakuruhusiwi. Ukipitia kituo ulichokwisha kupita, hesabu inabadilika na unadaiwa nauli ya njia uliyopita kweli. Njia ya Yamanote, ambayo ni duara la kilomita 34.5, inaonyesha hilo vizuri: unaweza kuizunguka karibu yote kwa nauli ya kituo kimoja, lakini ukitaka kushukia pale pale ulipopandia, utalipia duara zima. Kwa hiyo swali la mleta mada, kwamba alinunua nini, Wajapani wamelijibu kwa maandishi: umenunua haki ya kutoka kituo hiki hadi kile, bila kurudia nyayo zako. Beijing wao wamechagua saa: ukikaa ndani ya geti zaidi ya saa 4, unaongeza nauli ya chini, na hakuna anayekuuliza ulikuwa ukizunguka wapi. London nako kadi ya Oyster ina muda wa juu wa kila safari, na ukiupitisha unakatwa nauli kubwa.

Bint Pangani, New York

Ndugu wa Tokyo amegusa ninachotaka kukisema. Hapa kwetu nauli pia ni moja kwa umbali wowote, na ukishaingia hakuna saa inayohesabiwa. Wapo watu wanaoshindana kupita vituo vyote 472 vya treni za chini ya ardhi kwa chini ya saa 24, na wakimaliza wanapigiwa makofi na kuandikwa magazetini. Mtu anayelala kwenye treni ya E, ambayo hupendwa na wasio na makazi kwa kuwa njia yake yote iko chini ya ardhi na haipigwi na upepo, amelipa nauli ile ile na amekaa saa chache kuliko hao washindani. Lakini yeye ndiye anayeamshwa.

Wakati wa korona, tangu Mei 6, 2020, treni zilifungwa kati ya saa saba usiku na saa kumi na moja alfajiri ili zisafishwe, jambo ambalo mji huu haukulizoea, na hazikurudi kutembea usiku kucha hadi Mei 17, 2021. Kisha Februari 2022 meya Eric Adams na gavana Kathy Hochul walitangaza mpango wa usalama uliotaka kila abiria ashuke kwenye kituo cha mwisho. Sheria inasema kila abiria, na ni kweli hata mimi nimeshushwa. Ila mimi nilikuwa na pa kwenda. Konda Mstaafu asema kanuni isitazame sura. Mimi nasema hii ilitungwa huku sura ikitazamwa, halafu ikaandikwa kana kwamba haimtazami mtu.

Mgeni wa Reli

Nawashukuru nyote. Hoja ya kiti cha Posta imeniingia, ingawa treni yangu ilikuwa na watu wanne. Dada yangu naye amesoma maelezo ya Bint Pangani na kusema kwamba hapa kwao hali ni hiyo hiyo, ila hakuna anayeisema kwa sauti.

Ndugu wa Tokyo, mwezi ujao nitapita huko njiani kurudi nyumbani, na nina siku moja nzima. Nimetazama ramani: nianzie kituo cha Tokyo, nipande treni ya njia iitwayo Chuo hadi Hachioji, nipande kaskazini hadi Takasaki, nikate mashariki hadi Oyama, kisha nishuke kusini na kutokea Kanda. Nitakuwa salama?

Mwanafunzi wa Zamani, Tokyo

Hutakuwa salama. Treni ya Chuo ikitoka Tokyo, kituo chake cha kwanza ni Kanda yenyewe, kwa hiyo jioni utakuwa umeipita mara mbili. Anzia Kanda na utokee Akihabara, kituo kimoja kaskazini. Utakuwa umesafiri zaidi ya kilomita 300 na hujakanyaga pale pale mara mbili. Kati ya Hachioji na Takasaki kuna sehemu ya treni za dizeli ambazo hupita kwa nadra, kwa hiyo tazama ratiba kabla hujaondoka, na Takasaki ununue chakula cha mchana ndani ya geti. Kinauzwa katika bakuli jekundu lenye umbo la uso wa mwanasesere wa Daruma, na bakuli ni lako.