Bt inaua viwavijeshi, mbona vidukari hawaguswi?

Shina Bichi: Wakuu, mahindi yakipuliziwa Bt (dawa ya bakteria Bacillus thuringiensis) viwavijeshi wadogo wanakufa, ila vidukari wanazidi kujaa kwenye majani machanga na mbelewele. Shida ni kipimo? Na kuna dawa moja ya kumaliza wote?

Taya na Mrija: Kipimo hakina kosa, tazama mdomo. Kiwavijeshi ana taya. Anatafuna jani pamoja na kilichopakwa juu yake. Bt haiui mpaka imezwe, ndipo sumu yake itoboe ukuta wa utumbo. Anaacha kula baada ya saa chache, kufa huchukua siku kadhaa. Kidukari hatafuni. Anachomeka mrija kama sindano hadi kwenye mishipa ya jani na kunyonya utomvu, kwa hiyo dawa iliyo juu anaipita tu. Ukizidisha kipimo unachoma hela.

Na hao viwavi wapige wakiwa hawajafika sentimita 1, jioni, maana jua huharibu Bt, nozeli ikielekea kwenye moyo wa mmea. Mkubwa hujichimbia humo na kuziba mlango kwa kinyesi chake kinachofanana na unga wa mbao, dawa haimfikii. Mtamtambua kwa alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa 4 yaliyojipanga kama mraba karibu na mkia.

Pampu 20: Kwa vidukari, sabuni ya maji ya kuulia wadudu: mililita 200 kwenye lita 20. Lazima imguse mdudu mwenyewe, ikikauka imekwisha kazi, hivyo lowesha chini ya majani. Sabuni ya unga ya kufulia inaunguza, achana nayo.

Dawa moja ya wote? Pairethroidi (dawa za kemikali zinazoua wadudu wa aina nyingi) zipo, ila zinafagia pia mbawakawa na nyigu wanaokula vidukari. Kidukari jike huzaa watoto hai bila dume, na joto likiwepo mtoto huanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Waliosalia wanarudi kwa kishindo, walinzi hawapo. Kiwavijeshi anahitaji kama mwezi: yai, kiwavi, pupa aliyejificha udongoni, nondo.

Shina Bichi: Na sisimizi wanaopanda mmea?

Taya na Mrija: Wanafuata majimaji matamu ya vidukari, na wanawafukuza maadui zao. Ila kabla ya sabuni, kagua kama kuna vidukari waliovimba, wakavu, rangi ya kaki, wengine wana tundu la duara mgongoni. Hapo nyigu ameshataga ndani yao. Wakiwa wengi, usipulizie kwanza.