Uthamini wa benki si ukaguzi wa nyumba: nimetoa milioni 92 kununua nyufa zilizopakwa rangi

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote. Naomba mnivumilie kwa urefu wa uzi huu, kwa sababu nimekaa na jambo hili moyoni tangu mvua za vuli za 2023 na kila nikilala nasikia dari ya jipsamu ikilia juu ya kichwa changu.

Mwezi Septemba 2023 nilinunua nyumba ya vyumba vitatu Kibaha, mkoani Pwani, kwa shilingi milioni 92, ambazo kati yake milioni 55 ni mkopo wa benki ninaoulipa hadi leo. Sikununua kwa pupa. Nilifanya upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi nikahakikisha kwamba hati ni ya muuzaji na haina zuio, nikaenda serikali ya mtaa, nikawauliza majirani kuhusu mipaka, na nikamtaka mke wa muuzaji atie saini ya ridhaa mbele ya wakili. Yote tunayoonywa kila siku kuhusu matapeli wa ardhi niliyafuata, na katika hayo yote hakuna hata mtu mmoja, mimi mwenyewe nikiwemo, aliyeuliza kama nyumba imesimama sawasawa.

Nilipomuuliza ofisa mikopo kama kuna haja ya kumtafuta fundi au mhandisi aiangalie nyumba, alinijibu kwa kujiamini kabisa kwamba benki hutuma mtaalamu wake, na nyumba ikiwa na tatizo mkopo hautoki. Nikalipa shilingi 450,000 za uthamini. Mthamini akaja, akapima kuta kwa kifaa cha mwanga, akapiga picha, akauliza nyumba imejengwa mwaka gani, akaondoka. Hakumaliza nusu saa. Ripoti ilikwenda benki moja kwa moja, mkopo ukatoka, nami nikahamisha familia nikiamini kwamba nyumba yangu imekaguliwa na kufaulu.

Mvua za vuli za mwaka ule, ambazo zilikuja na El Niño, hazikuwa za mchezo. Kufikia Desemba mlango wa bafu ulikataa kufunga, nikamwita seremala akauranda juu, tukacheka yakaisha. Baada ya wiki mbili ukafuata mlango wa chumba cha watoto, kisha ukatokea ufa kwenye kona ya dirisha la nyuma ukashuka kwa ngazi ukifuata viungo vya matofali hadi chini, na kabla ya Krismasi ningeweza kuingiza sarafu ndani yake. Masika ya 2024 yakamalizia kazi, kwani sakafu ya sebule ilivimba katikati na vigae vitatu vikanyanyuka usiku kwa mlio uliomfanya mke wangu adhani tumevamiwa.

Hapo ndipo nilipokwenda benki kuomba nakala ya ripoti ile, na nilizungushwa siku tisa kwa maelezo kwamba ripoti ni mali ya benki ingawa fedha zilitoka mfukoni mwangu. Nilipoipata nilikuta imeandikwa kwa Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho. Ukurasa wa nne ulisema jengo liko katika hali nzuri. Ukurasa wa kumi na moja, kwa maandishi madogo, ulisema kwamba mthamini hakuchunguza sehemu zilizofunikwa wala zisizofikika, hakufanya uchunguzi wa uimara wa jengo, na hawezi kuthibitisha kwamba halina kasoro. Yaani hali nzuri ya ukurasa wa nne ni ya rangi.

Nitakuwa mkweli: mthamini yule hakuvunja sheria yoyote ninayoifahamu. Kazi yake, inayosimamiwa na Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016, ni kukadiria thamani, na swali alilopewa na benki lilikuwa moja tu, kwamba mteja huyu akishindwa kulipa, nyumba hii ikiuzwa itarudisha fedha zetu? Swali langu mimi, kwamba nyumba hii itakaa miaka ishirini bila kupasuka, halikuwa kwenye karatasi yake, na wa kulijibu ni mhandisi, ambaye ana bodi yake na usajili wake tofauti. Ninachokasirikia ni kwamba ofisa aliyekaa mbele yangu aliijua tofauti hiyo, au alipaswa kuijua, na akaniacha nitoke ofisini kwake nikiamini kinyume chake.

Mwezi Julai 2024 nilimlipa mhandisi wa majengo aliyesajiliwa shilingi 400,000, ambazo ni pungufu ya nilizolipa kwa uthamini, na alishinda pale kutoka saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Alipima usawa wa sakafu kwa mpira mwangavu uliojazwa maji, uleule ambao mafundi wetu hutumia kwenye msingi, akakuta kati ya sebule na chumba cha nyuma kuna tofauti ya sentimita nne. Alibandika vipande vya plasta ya jipsamu juu ya nyufa na kuandika tarehe juu yake, ili kipande kikikatika tujue kuwa ufa bado unatembea. Vitatu kati ya vitano vimeshakatika. Kisha akawaambia vijana wachimbe shimo pembeni ya ukuta wa nyuma, na kwa kina cha futi mbili tu tukaukuta mwisho wa msingi wangu, umekaa juu ya udongo wa kijivu unaong'ang'ania kwenye koleo kama ugali.

Udongo huo, wanajukwaa, ndio kiini cha hadithi yote. Ni mfinyanzi unaovimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka, na kwa hiyo kila mwaka nyumba hupandishwa wakati wa mvua na kushushwa wakati wa kiangazi, wala haipandishwi sawasawa pande zote. Nyumba ya kawaida yenye msingi mfupi ni nyepesi mno kuushinda nguvu. Si siri ya mtu, maana watafiti wameshaandika kitaaluma kuhusu nyumba za Kibaha zinazopasuka kwa sababu hiyohiyo. Kwangu mambo yalizidishwa na shimo la maji machafu lililochimbwa mita mbili tu kutoka ukuta wa nyuma, na mifereji ya bati inayomwaga maji yote ya paa kwenye kona moja, hivyo upande mmoja unakunywa maji mwaka mzima na mwingine unakaa na kiu. Mhandisi alitaja pia mchwa kwenye kenchi na nyaya za umeme zisizo na waya wa ardhi, lakini kwa wakati ule hayo nilikuwa nayaona kama mafua kwa mgonjwa wa moyo.

Kilichonitia uchungu zaidi alinionesha wakati anaaga. Alinichukua kwenye mlango wa chumba kikubwa, ambao mimi sijawahi kuugusa, akaniambia nipitishe kidole juu ya ubao. Chini ya rangi mpya kulikuwa na alama za randa la zamani, na upande mmoja wa mlango ulikuwa mfupi kuliko mwingine kwa upana wa kidole. Mtu aliwahi kuuranda kabla yangu. Muuzaji aliijua nyumba yake, akasubiri kiangazi, akaziba nyufa, akapaka rangi ya maziwa ndani na nje, na dalali akanipitisha humo akinisifia rangi na kuchukua milioni nne zake. Nilipomwendea mama jirani, ambaye ukuta wake una nyufa zilezile na hajazificha kwa sababu hauzi, aliniambia kwa upole kwamba nyumba ile ilikuwa ikipigwa plasta kila mwaka. "Mwanangu, wewe uliniuliza mipaka, nikakuonesha mipaka."

Wakili niliyemwona anasema kwamba Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inakuhesabu kuficha kasoro kwa makusudi kuwa ni udanganyifu, lakini akanionya kwamba upande wa pili utauliza swali moja lenye makali: je, kwa uangalifu wa kawaida, mnunuzi asingeweza kuigundua kasoro hiyo mwenyewe? Na mimi nitajibu nini, wakati uangalifu huo ungenigharimu laki nne na siku moja?

Mdogo wangu anayeishi Glasgow alinishangaa niliposema hatukukagua. Kule Scotland, tangu Desemba 2008, nyumba nyingi haziruhusiwi kutangazwa sokoni kabla muuzaji hajaandaa ripoti inayojumuisha ukaguzi wa hali ya jengo uliofanywa na mtaalamu, na mnunuzi anaisoma kabla hajatoa bei. Sisi tunaamka jengo likianguka, kama lile la mtaa wa Indira Gandhi mwezi Machi 2013 na lile la Kariakoo mwezi Novemba 2024, kisha tunaulizana kuhusu maghorofa. Nyumba ya chini inayomla mwenye mkopo polepole haiundiwi tume.

Benki zinazotoa mikopo ya nyumba ziandike kwa Kiswahili, kwenye ukurasa wa kwanza wa fomu, kwamba uthamini si ukaguzi wa uimara wa jengo, na zimpe mteja nakala ya ripoti aliyoilipia kabla hajatia saini. Hilo halihitaji sheria mpya wala semina.

Mhandisi amekadiria kwamba kuhamisha shimo, kuelekeza maji ya paa mbali, kujenga sakafu pana ya zege kuzunguka nyumba na kuimarisha msingi upande wa nyuma kutanigharimu milioni 27. Kwa hiyo ninawauliza waliopitia njia hii: yupo aliyemshtaki muuzaji kwa kuficha nyufa akalipwa, na alithibitisha vipi kwamba muuzaji alijua? Mlango ule wenye alama za randa nimeung'oa na kuuhifadhi stoo, umefunikwa na turubai, na picha zake zenye tarehe ninazo.