Tupeane uzoefu: mota ya grainda kutetemeka baada ya kufungiwa draivu ya kubadili kasi

mnoa_visu (mwanzisha mada), Dar es Salaam:

Ndugu wadau, naomba tukusanye hapa yale tuliyopitia wenyewe kuhusu jambo moja tu, yaani mota ya grainda au ya mashine ya kusaga inayotetemeka baada ya kufungiwa draivu ya kubadili kasi, yaani kifaa kinachobadili masafa (hezi) ya umeme unaoilisha mota ili kasi yake ipande au ishuke. Atakayechangia aeleze mota yake ni ya aina gani, alijaribu nini na kilichomaliza tatizo ni kipi, hata kama habari yenyewe inamtia aibu. Naanza na yangu.

Ninatengeneza visu vya jikoni na vya wachinjaji. Grainda yangu ni ya mkanda wa msasa, nimeiunda mwenyewe kwa mota ya fezi tatu ya kilowati 1.5 yenye poli nne (ncha nne za sumaku). Umeme wangu ni wa fezi moja, kwa hiyo nilinunua draivu inayopokea volti 230 na kutoa fezi tatu za volti hizo hizo, nikabadilisha viunganishi vya mota kutoka staa kwenda delta (namna mbili za kuunganisha koili zake) kama kibao chake cha maelezo kinavyoelekeza. Mpaka hezi 35 grainda ilitulia kama maji ya mtungi. Ikifika 37 ilianza kutikisika, kwenye 39 stendi nzima ilikuwa inatembea sakafuni, na ikipita 42 ilitulia tena.

Kwa kuwa tetemeko lilianza siku ileile nilipofunga mota mpya na draivu yake, niliilaumu draivu. Nilichezea muda wa kupanda na kushuka, nikapandisha masafa ambayo kwayo draivu huwasha na kuzima umeme wake kwa haraka kutoka kilohezi 4 hadi 8, mlio mwembamba wa mota ukapungua lakini tetemeko likabaki palepale. Wiki mbili ziliishia hapo.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja mzee wa kusuka mota, ambaye aliniambia niipandishe hadi hezi 50, nikate umeme, kisha nisikilize wakati inajizungukia yenyewe. Jaribio hilo lina sharti ambalo ni rahisi kulisahau: draivu nyingi, ukibonyeza kitufe cha kusimamisha, hazikati umeme bali huishusha mota polepole zikiwa bado zinailisha, hivyo lazima kwanza uingie kwenye mipangilio na uchague kusimama kwa kuachia. Nilipofanya hivyo, mota isiyo na umeme hata chembe ilishuka kwa utulivu, ikafika kwenye kasi ileile ya hezi 39, yaani mizunguko karibu 1,150 kwa dakika, stendi ikatikisika, kisha ikatulia. Umeme haukuhusika kabisa. Kosa lilikuwa la stendi yangu ya chuma cha engo, ambayo ina mtikisiko wake wa asili kwenye kasi hiyo. Awali ilibeba mota ya fezi moja ya kasi isiyobadilika, iliyokuwa ikiipita kasi hiyo kwa kufumba na kufumbua, kwa hiyo sikuwahi kuuona.

Kwanza niliiamuru draivu iruke kati ya hezi 36 na 42, nikaona nimejipunja, maana hiyo ndiyo kasi ninayoipenda kwa kusaga ubavu wa kisu. Baadaye nilichomelea vyuma viwili vya mshazari kwenye miguu na kuifunga stendi kwa bolti kwenye sakafu ya zege. Tetemeko limehamia juu ya hezi 60, ambako siendi.

mwenye_kinu, Kahama:

Nashukuru kwa mada. Nina mashine ya nyundo ya kusaga mahindi (nyundo ni vipande vya chuma vinavyozunguka na kuponda nafaka), mota ya kilowati 15, ambayo kwa miaka mingi iliwashwa kwa staa-delta, yaani inaanza kwa staa kisha inahamia delta. Nilifunga draivu ili kupunguza mshtuko wa kuwasha, nikaiwekea sekunde 40 za kupanda taratibu, na hapo ndipo mashine ilipoanza kupiga kelele katikati ya safari na kulegeza bolti za msingi. Nilivua mikanda nikaiendesha mota peke yake, ikazunguka bila neno kuanzia chini hadi hezi 50, nikajua kwamba tatizo liko upande wa pili wa mkanda. Tulipozitoa nyundo na kuzipima kwenye mizani ya duka, safu moja iliyokuwa na nyundo mpya mbili ilizidi safu inayoelekeana nayo kwa karibu gramu 90, kwa sababu kijana wangu alikuwa akibadilisha zilizolika sana tu na kuziacha nyingine. Sasa tunazipanga kwa jozi za uzito mmoja zinazoelekeana, na moja ikiisha tunaitoa pamoja na mwenzake. Muda wa kupanda nimeupunguza hadi sekunde 12, kwani kukawia kwenye kasi mbaya ni kujitafutia shari.

jua_kali, Nairobi:

Yangu ni fupi na ya aibu. Nilifunga draivu kwenye grainda ya benchi ya fezi moja yenye kapasita. Ilinguruma na kutetemeka, na nilipoishusha kasi, swichi ya ndani inayokata koili ya kuwashia ilijifunga tena, koili ikabaki na umeme mpaka moshi ukatoka. Draivu za kawaida zinataka mota ya fezi tatu. Hiyo ya kapasita usiibembeleze kwa mipangilio.

fundi_mitambo, Mbeya:

Naongeza jambo linalohusu usalama. Katika karakana niliyokuwa nikifanya kazi, grainda ya benchi ya fezi tatu yenye mawe mawili ilifungiwa draivu, nyaya mbili zikapishana, mawe yakazunguka kinyume. Mwenzangu alirekebisha mwelekeo ndani ya dakika moja, lakini tangu hapo grainda ilitetemeka na kila mtu akawa na rai yake kuhusu draivu. Tulipofungua kinga ya jiwe la kushoto tulikuta nati imelegea. Nati ya upande huo ina hesi za mkono wa kushoto ili mzunguko wa kawaida uikaze, kwa hiyo mzunguko wa kinyume huilegeza, na hata kuyasimamisha mawe kwa ghafla mno kunaweza kuleta matokeo hayohayo. Tulilitoa jiwe, tukaligonga taratibu kwa mpini wa bisibisi ili tusikie kama linalia kwa sauti safi, maana lenye ufa hutoa mlio mfu, ndipo tukalirudisha na kuweka sekunde 15 za kushuka. Kikomo cha juu tulikifunga kwenye hezi 50. Jiwe limeandikwa mizunguko yake ya mwisho, lakini draivu haijui kusoma.

umeme_ziwani, Mwanza:

Naomba tusiiondolee draivu lawama zote. Nilikuwa na mota ya kilowati 4 kwenye grainda isiyohitaji hata nusu ya nguvu hiyo. Kati ya hezi 15 na 25, ikiwa haina mzigo, iliyumba kama mtu anayesinzia, na ampia kwenye kioo zilipanda na kushuka. Nilipokata umeme kwa kuachia, utulivu ulikuja papo hapo, nikajua kwamba hapa kosa ni la umeme. Kumbe draivu ilikuwa bado na namba za kiwandani. Niliingiza ampia, volti na mizunguko kutoka kwenye kibao cha mota, nikaiacha draivu iipime mota yenyewe, nikapunguza nyongeza ya volti ya kasi ndogo. Kuyumba hakujaisha kabisa, ila kilichobaki naweza kuishi nacho.

mwenye_kinu, Kahama:

Nilisahau. Mwaka mmoja na nusu baada ya kufunga draivu, beringi za mota zilianza kuvuma, na tulipozipasua tulikuta njia ya gololi ina mistari iliyopangana kama migongo ya bati. Ni umeme unaotoka kwenye draivu na kupita katika shafti na beringi ukitafuta ardhi. Waya wa asi (wa ardhi) kati ya draivu na mota haukuwepo. Tumeuweka, pamoja na beringi mpya, na mpaka leo kumetulia.

karakana_yetu, Arusha:

Nilikuwa nasoma tu, sasa nimerudi na langu. Mota yangu ya kilowati 2.2 imekuwa ikitetemeka kwa kasi zote, kwa mlio mzito, na nilikuwa nimeshaagiza beringi. Jana jioni nilichagua kusimama kwa kuachia, nikakata umeme kwenye hezi 30, na mngurumo ukakatika wakati mota bado inazunguka. Nilipima kwa mita ya kubana (inayozungushiwa waya na kusoma ampia): fezi mbili zilikaribia ampia 8, ya tatu haikufika 3. Nilizima, nikasubiri taa ya draivu izimike na dakika kumi juu yake kwa sababu ya chaji inayobaki kwenye kapasita zake, kisha nikafungua boksi la viunganishi la mota. Nati moja ilikuwa inageuka kwa vidole, na ncha ya waya wake imeungua ikawa nyeusi. Nimeikata, nimebana kichwa kipya, na sasa fezi zote tatu zinasoma kati ya 6.9 na 7.2. Beringi zimefika leo asubuhi. Nimeziweka kwenye droo.