Mrejesho: cheni iliyokuwa ikiruka kwenye baiskeli kuukuu ya milimani

Wakuu, niliuliza kwa nini cheni mpya inaruka nikikanyaga kwa nguvu mlimani, wakati ile kuukuu ilikuwa haisumbui. Mlisema kaseti (seti ya gia za gurudumu la nyuma) imelika, na ndivyo ilivyokuwa.

Nilipima vipande 24 vya cheni ya zamani: milimita 308, badala ya 304.8 za cheni mpya. Hiyo imepita asilimia 1. Cheni iliyorefuka hivyo huyala meno hadi yafuate urefu wake, ndiyo maana mpya haikai vizuri. Gia ndogo, zile zinazotumika sana, meno yake yalikuwa yamelala upande mmoja kama pezi la papa.

Nimefunga kaseti ya gia 8, meno 11 hadi 32, na ringi inayoishikilia nimeikaza kwa nguvu ya Nm 40 (newton-mita). Waya wa gia na ala yake (bomba unamopita) navyo ni vipya. Kutu ndani ya ala ilifanya gia ichelewe kuhama. Sasa haijaruka hata mara moja.

Kuhusu upepo: tairi za inchi 2.1 zenye tyubu, psi (kipimo cha shinikizo la upepo) 30 mbele na 32 nyuma. Nilipojaribu psi 22, jiwe liliibana tyubu kwenye rimu, likatoboa matundu mawili sambamba.