Eti "kitakwimu uko salama", na mama wa watu kashika kufuli lililokatwa mkononi!!

Wakuu naandika hapa mikono inatetemeka, mkutano wa mtaa umeisha sasa hivi na watu bado wako barabarani wanabishana, mimi chakula kimenishinda nikasema hili lazima niliweke jamvini leo leo. Aliyesema hivyo mnamjua. Simtaji, hana haja ya kutajwa, yule wa makabrasha, akitokea na bahasha yake ya kaki ujue kesho asubuhi bado mko hapo.

Iko hivi. Huku kwetu pembezoni mwa Jiji la Arusha, nyumba nyingi zimejengwa juzi juzi, taa za barabarani hakuna, mashamba ya mahindi katikati, wezi wanatembea kama wako kwao. Usiku wa kuamkia jana wameingia kwa mama mmoja mjane, anauza maziwa, wengi wetu tumekunywa maziwa yake. Wamekata kufuli la geti, wakabeba TV, mtungi wa gesi, wakaanua nguo zote kwenye kamba, kuku hadi yule anayeatamia na mayai yake, ndoo wamemwaga maji wakaondoka na ndoo! Wangepata lisaa lingine wangeng'oa na msingi.

Leo mama kasimama mkutanoni, kashika lile kufuli lililokatwa, anauliza kwa adabu kabisa doria inapita lini. Na yule bwana hata pole hajasema, POLE TU WAKUU, neno la herufi nne! Kafungua kabrasha, kalowesha kidole, akamwambia "mama yangu, kwa takwimu tulizonazo eneo letu liko chini ya wastani wa taifa, kitakwimu uko salama". Uko salama. Kufuli liko mkononi.

Halafu hiyo takwimu yenyewe kumbe ni ya mkoa mzima!! Sensa ya 2022 mkoa wa Arusha una watu 2,356,255, Jiji ni 617,631, robo tu na kidogo. Kachukua wizi wetu wa huku kaugawa na Longido, na Ngorongoro, na Monduli, kule mtu akilala mlango wazi anayeingia ni mbuzi. Ukigawa hivyo hata pango la majambazi litaonekana seminari.

Na huyo mama hata kwenye hesabu hayumo! Alikwenda kituoni, kaunta wakamuuliza namba ya TV, nani anakariri namba ya TV? Wakamwandikia taarifa ya upotevu wa mali. Yaani TV imepotea, kuku wamepotea, kufuli limejikata. Kuvunja nyumba kuko kwenye Kanuni ya Adhabu kifungu cha 294, ni kosa la jinai, lakini likiandikwa upotevu kwenye wastani haliingii. Halafu anakuja mtu na huo wastani anamwambia uko salama. Mama akabaki kasimama na kufuli lake, hajui akae au aondoke. Nilitamani kulia aisee.

Chalii_wa_Ngarenaro: Hahaha huyo namfahamu! Kwetu alisema vibaka wamepungua, anashuka jukwaani simu hana. Akaomba ya jirani ajipigie.

MkuuWaKijiwe: Chai hii. Kuku anayeatamia unambebaje na mayai gizani? Mwizi gani ana muda huo? Mleta uzi ongeza majani.

mleta uzi: Mkuu njoo uone banda lilivyo tupu. Mama amesimama mbele ya watu na kufuli limekatwa anaambiwa yuko salama, wewe unauliza habari za mayai?

Hesabu_Haidanganyi: Tuache jazba. Kiwango cha uhalifu kinahesabiwa kwa kila watu laki moja, ndiyo unaweza kulinganisha sehemu ya watu laki sita na nchi ya watu 61,741,120. Na mjini kiwango huwa kinapanda zaidi ya hali halisi, maana mchana wanaingia watu wa Ngaramtoni, Usa River, Tengeru, Kisongo, watalii, wa Mererani, wakiibiwa stendi kosa linahesabiwa mjini ila wao kwenye sensa ya jiji hawamo. Halafu polisi wanagawa makosa dhidi ya binadamu, dhidi ya mali, na dhidi ya maadili ya jamii. Ukisema "uhalifu" useme upi.

mleta uzi: Asante mwalimu. Sasa mwambie mama wa maziwa hayo yote, kwa sauti, akiwa ameshika kufuli. Pole kwanza, laki moja baadaye.

mama_Junior: Mimi nilikwapuliwa mkoba na mishikaki, watatu kwenye pikipiki moja, sikwenda hata polisi kuchukua RB. Kupoteza siku nzima ili iweje. Kwa hiyo na mimi nimo kwenye hao walio salama.

Binti_wa_Moshi: Hameni huko mje Moshi, mji msafi, watu wana heshima zao.

Chalii_wa_Ngarenaro: Moshi ipi dada? Huko mnaiba hadi mkungu wa ndizi mbichi shambani, tena mwizi ni shemeji na kila mtu anamjua, mnakaa kikao cha ukoo anapewa na supu.

Binti_wa_Moshi: Kikao cha ukoo angalau ndizi zinarudi kaka. Nyie mtungi wa gesi umerudi?

Mzee_Sombetini: Wanangu, mnaacha la msingi. Sisi tunachangishwa hela ya ulinzi shirikishi kila mwezi, ukichelewa jina linabandikwa dukani kwa mangi. Walinzi wenyewe ni vijana wawili na tochi moja, saa sita usiku wameshalala kwenye kibanda. Daftari la mapato halijasomwa tangu mwenyekiti aliyepita. Hilo ndilo la kufungulia uzi.

MkuuWaKijiwe: Mzee wangu shikamoo. Hapo umenena, kwetu wamechangisha hadi za filimbi, filimbi hatujaziona.

mama_Junior: Filimbi!! Kwetu ni sare na mabuti, tangu masika.

mleta uzi: Jamani tunazungumzia kufuli

Mzee_Sombetini: Marahaba. Sasa hizo za filimbi walikusanya kwa kaya au kwa kichwa? Maana kwetu hadi wapangaji wa chumba kimoja wanatozwa sawa na mwenye nyumba.

Binti_wa_Moshi: Mwenye nyumba wangu mimi hatoi hata mia, anasema yeye hana cha kuibiwa, na gari mbili uani.

Hesabu_Haidanganyi: Wenye nyumba msinikumbushe. Wangu anadai kodi ya miezi sita na luku anataka tuchangie na pampu yake ya kumwagilia kabichi.

Chalii_wa_Ngarenaro: Kabichi za wapi mkuu, anauza? Nina genge hapa Kilombero.