Nimelipa 84,000 za masomo ya dansi ya peke yangu na bado siwezi kucheza na mtu mwingine

Wadau, nina hasira na nitaandika mrefu. Asiye na subira apite.

Mimi ni fundi wa nguo, Ngara. Mwaka jana mwezi wa sita mteja mmoja aliniletea kitambaa cha gauni la dansi, lile linalopepea chini, na lilipokwisha akanialika nikalione likivaliwa. Nikaenda. Nikakuta watu wa rika langu, wengine wanene kuniliko, wanazunguka ukumbi kama sakafu imemwagwa mafuta. Nina miaka 49, mume wangu alifariki miaka sita iliyopita, watoto wameshajitegemea nusu. Nikasema hii nami nitaijua kabla magoti hayajakataa.

Mteja akanielekeza studio anakojifunza, Westlands, ghorofa ya tatu, jina silitaji. Somo la kwanza bure. Kijana akanishika, tukazunguka kama dakika ishirini, kisha akawaita wenzake waje waone. "Madam, usituambie hujawahi kucheza." Mwingine akasema nina mgongo wa dansi. Mgongo, jamani! Mimi niliyeinama kwenye cherehani tangu nina miaka kumi na tisa, ambaye kila jioni binti yangu ananikanda kwa dawa ya kuchua.

Hapo karatasi ikatolewa. Darasa la pamoja ni shilingi 800 kwa jioni moja, lakini eti mtu wa kipaji changu angepotea mle ndani. Anayenifaa ni mwalimu wangu mwenyewe: kifurushi cha masomo 24 kwa 84,000, kwa awamu tatu. Usajili 5,000. Viatu 9,500, na vinauzwa pale pale. Nililipa awamu ya kwanza kwa M-Pesa hata jasho halijakauka.

Sasa nisikilizeni. Bei ya 3,500 kwa somo silalamikii kama bei. Mimi mwenyewe nauza kazi ya mikono. Mtu akiniuliza mbona suti ya kushonwa inazidi ya mtumba mara tano, nina jibu, tena namwonyesha mshono. Ninachouliza ni huo mshono. Nilipe 3,500, nionyeshwe nini?

Kwanza, saa yao ni dakika 45. Hilo liliandikwa, makosa yangu. Lakini masomo manane ya mwisho niliweka simu inipimie muda, maana ufundi umenizoesha kupima. Mwalimu anafika akimalizana na mwanafunzi wa kabla yangu. Tunasalimiana. Anatafuta wimbo. Ananisifu. Ananieleza habari za onyesho lijalo. Mwisho tunacheza, na wastani wa kucheza kwenyewe ulikuwa dakika 31. Pigeni hesabu: ni karibu 6,800 kwa saa. Wakili wa binamu yangu halipishi hivyo kuandika barua.

Pili, tulirukaruka. Dansi za mashindano ya kimataifa ni kumi: tano za Standadi (waltzi, tango, waltzi ya Vienna, foksitroti, kwikistepu) na tano za Latini (chacha, samba, rumba, pasodoble, jaivu). Katika masomo 17 tuligusa sita! Kila nilipoanza kusimama vizuri kwenye moja, tunahamia nyingine "ili usichoke". Nani alisema nimechoka? Ni kama mtu aje kujifunza ushonaji kwangu, leo nimwonyeshe zipu, kesho kola, kesho kutwa kifungo, na hajawahi kukata kitambaa hata mara moja.

Rumba ndiyo iliniuma zaidi. Mimi nimekua na rumba ya Kongo redioni, ile UNESCO iliyoiingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2021, kwa hiyo nilidhani hapa angalau nina mtaji. Kumbe rumba ya mashindano ni nyingine, asili yake Kuba, na hatua kubwa inaangukia pigo la pili, si la kwanza. Hilo nililijua kwa kusoma mwenyewe usiku. Masomo mawili mazima nilikanyaga kwenye moja, na kijana wa watu ananiambia "safi sana, Madam, una hisia". Hisia zipi, na nilikuwa nje ya wimbo?

Mwezi wa kumi na moja likaja onyesho. Shilingi 12,000 ili nicheze na mwalimu wangu dakika mbili mbele za watu, na wageni wangu wakajilipia tiketi. Siwafichi, nilifurahi. Nilijishonea gauni la kijani, nikapigwa makofi, video ikazunguka kwenye kikundi cha chama chetu mpaka kwa shemeji zangu Nakuru. Wakaniita malkia.

Mwezi wa kumi na mbili malkia akaenda kwenye sherehe ya jubilei ya ndoa, South B. Wakapiga waltzi. Akaja mzee wa kama miaka themanini, suti ya kijivu ya zamani, mabega yamejazwa kwa mkono, kazi ya fundi aliyekuwa fundi. Akainamisha kichwa: "Mama, nipe wimbo mmoja."

Hatua ya tatu nikamkanyaga. Ya sita nikamkanyaga tena. Nikaanza kuomba radhi, na nikawa nazidi kuharibu. Mzee akasimama katikati ya ukumbi, hakuniachia mkono, akasema polepole, "Mwanangu, unakwenda kabla sijakuambia twende."

Hatukutembea tena kwa muda. Alisimama akihamisha uzito mguu wa kushoto, mguu wa kulia, kushoto, kulia, watu wanatupita pembeni, mpaka nikaacha kubahatisha. "Usinisaidie. Ningoje." Halafu akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia Westlands: kwamba waltzi inahesabiwa moja, mbili, tatu; ile moja unaianza ukiwa chini, inapoisha unaanza kupanda, unaendelea kupanda kwenye mbili na tatu, na tatu inapokwisha unashuka taratibu ili moja ikukute uko tayari. Na kwamba nikirudi nyuma, mguu uanzie nyongani, si gotini. Basi. Wimbo wa pili tulivuka ukumbi kutoka mlangoni hadi kwenye keki, hatua za kawaida na mgeuko mmoja wa kulia. Hakunizungusha chini ya mkono wala hakuniinamisha kama kwenye onyesho. Na nilikuwa nacheza, wadau. Nilijua kwamba nacheza.

Tukakaa. Akasema alijifunza ujanani kwenye ukumbi wa Kaloleni, na enzi hizo ukimkanyaga dada wa watu unarudi benchi hadi ujue. Akaniuliza mimi nililipa ngapi. Nikamdanganya, nikamtajia nusu. Hata hiyo nusu ilimfanya avue miwani.

Usiku ule nikaitazama tena ile video ya onyesho. Safari hii sikuangalia gauni. Niliangalia mkono wa kulia wa mwalimu, na nikaona jinsi alivyonibeba kama kiroba cha unga. Kila mahali nilipoonekana mzuri, yeye ndiye aliyenipeleka. Nikikosea, anageuza kosa langu kuwa pozi. Huo ni ustadi, sikatai, lakini ni ustadi wake. Mimi nililipia kuupanda kama mtu anavyopanda matatu: nimefika, ila sijui kuendesha.

Januari nikapanda ghorofa ya tatu na maswali yangu kwenye daftari. Niambieni ni hatua zipi nazijua, kwa majina. Nipeni mwalimu mwingine nicheze naye hapa hapa tuone. La sivyo, masomo yangu saba yaliyobaki, 24,500, nirudishieni. Meneja akatabasamu. Akasema sasa niko tayari kuingia ngazi ya Shaba, kifurushi cha masomo 40, na nitapunguziwa. Nikamuuliza Shaba ya nani? Maana ISTD, chama cha walimu wa dansi kilichoanzishwa London mwaka 1904, kina orodha yake ya hatua za Shaba, Fedha na Dhahabu, na mtihani wake. Akasema wao wana "mfumo wa ndani". Nionyesheni huo mfumo. Haujachapishwa. Na yale masomo saba? Yameisha muda, siku 180 zimepita, imeandikwa nyuma ya karatasi. Kama bando la simu! Na ndani ya siku hizo, wiki mbili mwalimu alikuwa amesafiri, tena alinijulisha mwenyewe kwa ujumbe.

Na tangu nilipouliza habari za pesa, Madam imekufa. Sasa ni "wewe mama".

Binti yangu anasoma sheria mwaka wa pili. Nilipomsimulia alicheka hadi akakaa chini, kisha akaniletea kesi wanayofundishwa kwenye sheria ya mikataba. Florida, Marekani, mwaka 1968. Mjane wa miaka 51, Audrey Vokes, aliishtaki shule ya dansi. Alianza na masomo manane ya nusu saa kwa dola 14.50. Akasifiwa. Akauziwa. Akasifiwa tena. Katika muda usiofika miezi 16 alikuwa amesaini mikataba 14, saa 2,302 za masomo, kwa dola 31,090 na senti 45. Na kwa madai yake, hata pigo la muziki alikuwa akilisikia kwa shida. Mahakama ya chini iliitupa kesi, ya rufaa ikairudisha, ikasema ana haki ya kusikilizwa, kwa sababu anayejua kazi akimwambia asiyejua kwamba anaendelea vizuri, hayo si maneno matupu ya kibiashara. Nilisoma mara mbili. Mjane, sifa, karatasi. Wangebadilisha dola tu.

Nyongeza, maana kuna walionijia faraghani kuuliza kama masomo ya peke yako ni wizi mtupu. Hapana. Somo langu la tano lilikuwa la maana kuliko yote: kijana alinikuta nainua bega la kushoto, akaweka kiganja chake pale hadi likashuka, na halijapanda tena. Kwenye darasa la watu ishirini nani angeliona bega langu? Kwa jambo kama hilo 3,500 ni halali yake. Lakini bega moja halihitaji masomo 24. Ningekuwa naanza leo ningeenda darasa la pamoja la 800 kila wiki, ambako unabadilishwa wenzi na aibu inakufundisha kungoja, na nikikwama ndipo nilipie somo moja. Moja, si kifurushi. Na ningemuuliza mwalimu siku ya kwanza: baada ya masomo kumi nitaweza kufanya nini na mtu nisiyemjua?

Aliyesema mimi ni mjinga kwa kusaini bila kusoma nyuma, sawa, nimekubali, kaa nalo.

Barua ya madai nimeipeleka kwa mkono na nakala ikapigwa muhuri. Nimewapa siku 14. Wakinyamaza naenda Mahakama ya Madai Madogo, Milimani. Kikomo chake ni shilingi milioni moja, kesi inapaswa kuamuliwa ndani ya siku 60, na naweza kujiwakilisha mwenyewe bila wakili. 24,500 si nyingi, lakini ni zangu, na meseji za M-Pesa zote ninazo. Wakijibu nitarudi kuwaambia.

Viatu nauza. Namba 38, rangi ya ngozi, kisigino inchi mbili, soli ya ngozi laini ya dansi, imeloa mvua mara moja tu nje ya ile studio. Bei tutaelewana. Sihitaji jozi mbili, na siku ile ya jubilei, na yule mzee, nilicheza kwa viatu vya kanisani.