Pac-12 iongeze chuo gani? Mimi nasema UNLV na New Mexico, Memphis asubiri

Mtoa mada:

Wakuu, habari za jioni. Wengi wetu tunafuatilia michezo ya vyuo vya Marekani kwa sababu ya ndugu zetu wanaokimbia huko. Mambo ya nani ajiunge na konferensi gani huwa tunawaachia wenyewe. Safari hii yanatuhusu.

Kwa asiyefuatilia: konferensi ni kundi la vyuo vinavyocheza ligi moja, vinauza haki za matangazo kwa pamoja na kugawana mapato. Pac-12 ya magharibi, yenye mizizi tangu 1915, ilivunjika kati ya Juni 2022 na Septemba 2023. USC na UCLA walitangulia kwenda Big Ten, wakafuatwa na Oregon na Washington. Colorado, Utah na vyuo viwili vya Arizona wakaenda Big 12. Stanford na California wakaishia ACC, konferensi ya pwani ya Atlantiki! Wakabaki Washington State na Oregon State, ambao walikwenda mahakamani ili waliokuwa wanahama wasiendelee kuamua mambo ya nyumba wanayoiacha. Wakashinda.

Wameijenga upya kwa kuchukua Boise State, Colorado State, Fresno State, San Diego State na Utah State kutoka konferensi ya Mountain West, Gonzaga kwa ajili ya mpira wa kikapu, na Texas State, aliyejiunga 30 Juni 2025, siku moja kabla ada yake ya kutoka konferensi ya Sun Belt haijapanda kutoka dola milioni 5 hadi milioni 10. Konferensi mpya inaanza Julai 2026.

Sasa hesabuni. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, inataka vyuo 8 vyenye timu ya futiboli ya Kimarekani ili konferensi itambuliwe katika daraja la juu. Gonzaga hana futiboli. Waliobaki ni 8 kamili. Big 12 akiamka kesho akamtaka mmoja tu, tumerudi mahakamani. Kwa hiyo wa 9 lazima apatikane, na heri apatikane na wa 10.

Kila ninayemsoma anasema Memphis. Mimi nasema UNLV, chuo cha Las Vegas, kwanza, na New Mexico, chuo cha Albuquerque, wa pili. Las Vegas ni jiji ambalo mashabiki wa vyuo vyote vya magharibi hawahitaji kubembelezwa kulitembelea. Albuquerque ipo kusini mwa Colorado State, safari ya siku moja kwa basi. Ukitoka Pullman, kwao Washington State, hadi Memphis ni zaidi ya kilomita 2,500. Timu ya futiboli inakodi ndege, haina shida. Je, wasichana wa voliboli wenye mtihani Jumatatu? Naomba kuwasilisha.

Mdau wa Houston:

Mkuu, umeandika vizuri ila umeegemea ramani mno. Hii biashara inaendeshwa na televisheni. CBS hawakusaini mkataba wa hadi 2031 ili waoneshe watu wakipanda basi kwenda Albuquerque. Wanataka macho, na macho yapo Texas. Mmemleta Texas State mkamwacha peke yake. Jirani yake wa karibu ndani ya konferensi ni nani? UTSA yupo San Antonio, chini ya saa moja na nusu kwa gari. Mchukueni, mjenge uhasama wa jirani na jirani.

Halafu hao UNLV mnaowaota, Septemba 2024 waliamua kubaki Mountain West wakatia saini. Mtu ameshakukataa mara moja, unarudi na nini mkononi?

Mtoa mada:

UTSA naye alikataa mwezi huohuo, mkuu, pamoja na Memphis, Tulane na South Florida. Wote wanne. Kigezo cha kukataliwa tukikitumia tutabaki hatuna wa kumwalika. Na American, konferensi ya hao wanne, wanadai notisi ya miezi 27 na dola milioni 10. Anayetaka kutoka mapema anaongeza juu ya hapo.

Kocha, Iten:

Ndugu zangu, mimi nawatayarisha vijana wanaotafuta ufadhili huko, na hiyo Washington State mnayoitaja ni ya kwetu kuliko mnavyosema. Samson Kimobwa aliweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977 akiwa mwanafunzi wao. Mwaka uliofuata Henry Rono, chuo hichohicho, akaivunja, na jumla akavunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81. Ile ya mita 5,000 alikimbilia Berkeley, ya kuruka viunzi na maji akakimbilia Seattle, yaani kwenye viwanja vya wapinzani wa konferensi ileile iliyokufa. Julius Korir, bingwa wa Olimpiki 1984, na Bernard Lagat nao walipita Pullman.

Juni 2025 chuo hicho kimefuta mashindano ya kurusha na kuruka na kupunguza mbio fupi, kimeacha nguvu kwenye mbio ndefu. Mwezi huohuo mahakama imeidhinisha vyuo kuwalipa wanamichezo, hadi kama dola milioni 20.5 kwa mwaka kwa kila chuo. Karibu zote zitameza futiboli na kikapu. Kijana wangu mwenye viza ya mwanafunzi hata akipewa hawezi kuzipokea kirahisi, maana viza inambana kwenye kazi za malipo. Kwa hiyo swali langu kwa chuo chochote ni moja: mbio bado mnazo?

New Mexico wanazo. Wasichana wao walitwaa ubingwa wa taifa wa mbio za nyika 2015 na 2017, na 2017 Ednah Kurgat wetu alimaliza wa kwanza. Mji uko juu, kama mita 1,600. Mtoto wa Iten hapotei pale.

Shabiki wa Boise:

Kocha, heshima yako, lakini nani ananunua tiketi ya mbio za nyika? Sisi mwaka 2024 tuliingia mchujo wa ubingwa wa taifa tukapangwa namba 3 kwa sababu ya futiboli. Kila mchovu tunayemwongeza anatushusha kwenye viwango. Memphis anashinda mechi kila mwaka. New Mexico kashinda nini?

Mtoa mada:

Alimshinda UCLA 35 kwa 10 Septemba 2025, ugenini Rose Bowl. UCLA huyuhuyu aliyetukimbia kwa kutuona wadogo. Si ubingwa, najua, lakini neno mchovu lirudishe.

Na sisemi Memphis ni mbaya. Nasema akija peke yake ni mzigo kwake na kwetu: kila safari yake ya ugenini ni ya mbali, kila yetu kwake ni ya mbali. Akija na Tulane na UTSA kwa pamoja, hapo kuna upande mzima wa mashariki, na Texas State hatakuwa yatima. Hilo ningelipigia kura hata leo.

Mdau wa Houston:

Kumbe tunakaribiana. Watatu kwa mpigo, au hakuna?

Mtoa mada:

Watatu au hakuna. Na wakati tunawasubiri hao watatu wamalize miezi yao 27, New Mexico apigiwe simu.